Kopo la Dawa la Mama

Kopo lenyewe dogo tu, la bati, unalishika kwa mkono mmoja. Zamani lilikuwa la kakao, kabla mimi sijazaliwa. Mfuniko wake unabana mpaka uufungue kwa mkia wa kijiko, na ukifunguka unatoa mlio kama mtu amesonya. Ndani ndio kulikuwa na dawa ya mama. Mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, kachanganya na unga wa vidonge vya rangi mbili, vile unavyovivuta katikati vinaachana, kakoroga mpaka yanakuwa na rangi ya samli.

Kule kwetu Kabungu mtu akijikata na jembe, akichomwa na kisiki cha tumbaku, akiungua kwenye bani, kile kibanda cha moto, wakati wa kukausha tumbaku, alikuwa anakuja kwa mama. Sio kwamba zahanati haikuwepo. Ilikuwepo. Ila mama alikuwa karibu zaidi na alikuwa hafokei watu. Mimi nilikuwa wa mwisho kuzaliwa, mtundu, magoti yangu hayajawahi kupona yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo hilo kopo nalijua tangu sijui kuhesabu. Nalijua kwa harufu.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Siku ya kuanua matanga wakagawa vitu vyake. Mashangazi wakachukua vitenge na sufuria, mmoja akachukua redio. Dada yangu akachukua mkasi na mita ya kupimia, maana tayari alikuwa ameanza kushona mjini. Wakaniuliza na we unataka nini. Nikasema kopo. Wakacheka, shangazi mmoja akasema, "Mtoto wa kiume anarithi mafuta, atakuja kuoa kweli huyu?" Nikamrushia kandambili. Ndivyo nilivyo, na sikuanza jana.

Baada ya hapo dada akanichukua nikakae naye mjini, Shanwe. Yeye ndiye amenilea. Amenilipia shule mpaka nilipoikataa mwenyewe, na nilipoikataa hakunifukuza. Alikuwa na chumba kimoja cha barabarani, cherehani mbili mle ndani na meza ya kukatia. Ile cherehani ya pili ilikuwa mbovu, ameinunua hivyo hivyo. Nikaifungua. Hakuna mtu aliyenielekeza. Nilifungua skrubu moja moja nikazipanga kwenye gazeti kwa mstari, nikairudisha, ikagoma, nikafungua tena. Wiki ya tatu ikashona. Tangu siku hiyo mimi ni fundi wa cherehani, mafundi wa mji mzima wananiita, na cheti sina.

Nalisema hili sio kujisifu. Nalisema kwa sababu ndio mzizi wa tatizo. Mtu ambaye amejifundisha mwenyewe kitu kimoja kikakubali, anaanza kudhani kila kitu kiko hivyo hivyo. Mimi mtu akinielekeza nasikia kama ananitukana. Na kopo nililifanya hivyo hivyo. Likipungua nanunua mafuta ya mgando, nanunua vile vidonge vya rangi mbili dukani, naongeza mwenyewe, nakoroga na bisibisi. Sijawahi kulimaliza nikaliosha. Niliona kwamba chini kabisa, kwenye bati, bado kuna mafuta aliyoyachanganya mama kwa mkono wake, na nikiosha nitakuwa nimemfuta.

Majirani wakalijua. Muuza chipsi akiungua, anakuja. Bodaboda akichubuka, anakuja. Kila mtu anachovya kidole chake mwenyewe, anapaka, anaondoka. Walikuwa wananiita dokta. Nilikuwa napenda, nisidanganye.

Sasa ile Januari. Watu ambao hawajawahi kukaa na fundi cherehani hawajui Januari ni nini. Shule zinakaribia kufunguliwa, mvua inanyesha, kila mzazi anakumbuka siku hiyo hiyo kwamba mtoto amekua. Dada alikuwa na mashati meupe yamejaa meza, mengine yananing'inia kwenye kamba juu ya vichwa vyetu, sketi za bluu kwenye kiroba. Alikuwa anashona kuanzia asubuhi, anakula huku mguu uko kwenye kanyagio. Mimi napiga pasi na kuweka vifungo, na cherehani ikikwama naitengeneza papo hapo.

Alikuwa anashona kola. Kola ndiyo ilikuwa sifa yake. Mji huu mafundi wako wengi, lakini kola ya dada yangu ilikuwa inakaa yenyewe, ncha mbili zinalingana kama zimechongwa. Siri yake ilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alikuwa anakiweka karibu kabisa na sindano, anakisukuma kitambaa kidogo kidogo kwenye kona, hata haangalii. Alikuwa anaongea na wateja huku kidole kinaendelea na kazi yake.

Siku hiyo kidole kikaingia chini ya sindano.

Hakupiga kelele. Alisema "aah" kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Sindano ilikuwa imeingia kwenye nyama ya ncha ya kidole na kukatikia humo. Nikachukua koleo, nikavuta, ikatoka yote, nikaipima na kile kipande kilichobaki kwenye cherehani nikaona imetimia. Tundu lenyewe hulioni. Tone moja la damu, likakauka. Ungeliona na wewe ungesema hiki sio kidonda.

Nikaleta kopo.

Dada akasema, "Ngoja ninawe kwanza."

"Unawe nini sasa, utaingiza maji ndani. Lete kidole."

"Mikono yako yenyewe ina oili."

"Oili ya cherehani ni safi, dada. Ingekuwa chafu cherehani ingekufa."

Akacheka. Nakumbuka alicheka, halafu akaangalia mashati mezani, halafu akanipa kidole. Nilichota dawa kwa kidole changu cheusi, nyingi, nikamshindilia pale kwenye tundu kama mtu anayeziba ufa wa ukuta kwa udongo. Nilikuwa naamini dawa ikiwa nyingi ndio kupona haraka. Nani anapenda ndugu yake apone polepole?

Tatizo likawa mafuta. Alipoanza tu kushona, shati la kwanza likapata doa kwenye kola, duara la mafuta kama sarafu. Shati jeupe la mtoto wa watu. Dada akasikitika kuliko alivyosikitikia kidole. Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, ile akili ninayojisifia. Jora jipya la kitambaa huwa linakuja limefungwa na nailoni. Nikakata kipande cha nailoni, nikakizungushia kidole chote na dawa yake ndani, nikafunga na uzi namba arobaini hapo kwenye kiungo, mizunguko mitano, nikakaza, nikakata kwa meno.

Dada akakiinua kidole juu akakiangalia. "Umenifunga kama zile barafu za watoto."

"Kinavuja?"

"Hakivuji."

"Basi shona."

Akashona. Hakuna shati lingine lililopata doa. Nikajiona mjanja mpaka nikamwonyesha fundi jirani wa chumba cha pili, naye akasema hiyo kali, atanikumbuka akijichoma. Namshukuru Mungu hajajichoma.

Siku ya pili jioni nikafungua, nikaona kidole kimekuwa cheupe, ngozi imekunjamana kama mtu aliyefua kutwa nzima. Nikasema dawa imeingia. Nikaongeza nyingine juu ya ile ile, nailoni nyingine, uzi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Dada akaniambia kinagonga. "Kinagonga kama kina moyo wake." Nikamwambia ndio kinapona, kidonda kikipona lazima kigonge. Nimelitoa wapi hilo? Sijui. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua, na dada alikuwa na kola ishirini mbele yake, akaamua kuniamini.

Siku ya nne akaja mama mmoja kuchukua shati la mwanae. Mama mpole, mteja wetu wa miaka. Akasimama pale karibu na cherehani, akasema taratibu, "Fundi, hicho kidole kinatoa harufu. Si uende kituo cha afya wakakitazame?"

Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Nikamwambia, "Mama, umefuata shati au umekuja kunusa watu?"

Akachukua shati lake, akasema asante, akaondoka. Dada hakuinua kichwa. Akasema, "Umefukuza mteja."

"Mtu anakudharau mbele yangu, nimwangalie?"

"Hajanidharau, mdogo wangu. Kinanuka kweli."

Hapo ndipo ilinigusa kidogo. Kesho yake asubuhi tukaenda. Nilibeba kopo kwenye mfuko, nimwonyeshe nesi dawa tunayotumia ili wasije wakampa kitu kingine kikagombana nayo. Ndivyo nilivyofikiria, nilikuwa nakwenda kama dokta anayekutana na dokta mwenzake.

Nesi alikuwa dada mmoja mwembamba, kijana, labda ananizidi miaka michache. Alikata ule uzi na mkasi. Nailoni ilipotoka, hata mimi nikageuza uso. Kidole kilikuwa kimevimba kinang'aa, na pale nilipofunga uzi kulikuwa na mfereji mwekundu umezunguka. Kwenye lile tundu dogo usaha ulikuwa unasukuma mafuta utoke.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi."

"Mmekuwa mnaosha?"

"Tunapaka dawa." Nikatoa kopo nikaliweka mezani, nikalifungua.

Akachungulia. Nikachungulia na mimi, na kwa mara ya kwanza nikaliona kama anavyoliona mtu mwingine. Kulikuwa na nyuzi mle ndani. Kulikuwa na unywele, na michirizi myeusi ya oili, na alama za vidole vya watu, muuza chipsi sijui, bodaboda sijui. Nesi akasema, hata hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesoma maandishi, "Hili katupe. Huu ni uchafu."

Angesema dawa haifai ningevumilia. Amesema uchafu.

Nilisimama. Nikamwambia hilo kopo ni la marehemu mama yangu, limeponya watu wengi kuliko hicho chumba chake, na kama mama yake yeye ni msafi sana aende akamwambie. Niliyasema hayo mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi na watoto wao. Akasema, "Kaka, sikumtaja mama yako. Niache nimsafishe mgonjwa." Nikasema hakuna mgonjwa wako hapa. Nikafunika kopo. Nikasema, "Dada, tunaondoka."

Na dada akasimama.

Hili ndilo ninalolirudia kichwani. Angeweza kukaa. Alikuwa mkubwa, kidole chake, maumivu yake. Angeniambia nenda nje ukapoe, kama alivyoniambia mara mia. Lakini watu walikuwa wanatuangalia, na dada yangu hajawahi kuniacha peke yangu mbele za watu. Hata nilipopigana shule alisimama upande wangu kwanza, akanichapa baadaye nyumbani. Kwa hiyo akasimama, kidole kiko wazi hewani, akaniambia polepole "haya," akanifuata. Nesi akatukimbilia mpaka mlangoni, akampa dada kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na bahasha ya vidonge, akasema, "Mrudi kesho. Tafadhali dada, kesho."

Hatukurudi kesho. Kesho kulikuwa na mashati. Kidole nilikifunga ile gozi ya nesi kavu, dawa ya kopo sikuipaka, lakini pia sikukiosha, nilikuwa nimenuna. Nilikinunia kidonda. Vidonge dada alivimeza. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, akasema kichwa kinauma, hakwenda kanisani. Jumatatu shule zikafunguliwa, watoto wakapita barabarani na kola zake zinang'aa, na yeye amekaa mlangoni amejifunga blanketi anatetemeka na jua linawaka. Nikamshika mkono nimwinue. Kuanzia kwenye kidole, kupita kiganja, kulikuwa na mstari mwekundu umepanda mpaka karibu na kiwiko, kama mtu amepima na chaki ya kushonea.

Niliita bodaboda, nikakaa nyuma yake nimemshika asianguke, tukaenda hospitali.

Walimlaza. Wakamchoma sindano ya pepopunda na za usaha, wakapasua kidole, wakasafisha, wakasubiri, wakapiga picha. Daktari akatuita, akatuonyesha picha kwenye mwanga, akasema mfupa wa ncha umeshaliwa na wa pili umeguswa, tukisubiri tutapoteza mkono. Dada alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeeleza mshono. Akauliza swali moja. "Mtakata mpaka wapi?" Daktari akaonyesha kwenye kidole chake mwenyewe. Dada akaangalia pale kama mtu anayepima. Halafu akasema, "Hapo siwezi kukunja kona." Daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa.

Akasaini mwenyewe. Mimi nilitoka nje nikaenda nyuma ya jengo, kuna karo la kufulia nguo za wagonjwa, nikakaa pale. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akaniuliza umefiwa kaka? Nikasema hapana. Akaendelea kufua.

Baada ya kuruhusiwa tulitakiwa kusafisha kidonda kila siku kwenye kituo cha afya. Kile kile. Nilitamani twende kingine, ila dada akasema, "Tulipotukania ndipo tutakapoombea msamaha," akatangulia mbele. Nesi alikuwa yule yule. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilipomwona yakaisha, nikasimama tu kama kiti.

Hakunisema. Natamani angenisema. Aliniambia, "Kaka, nawa mikono, njoo unisaidie."

Nikanawa. Akaniangalia, akasema rudia, na kucha. Nikarudia. Nikaambiwa nisiifute kwenye suruali, nikaikausha hewani nimeiinua kama mtu aliyekamatwa. Halafu akaanza, na kila anachofanya anakitaja, sio kwa dada, kwangu. Maji safi yanayotiririka, mengi, yapite juu ya kidonda yaondoke na uchafu wake. Sabuni pembeni, kwenye ngozi. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Akachukua tyubu ndogo, mpya, akaandika jina la dada juu yake. Akakamua kidogo kwenye gozi, mdomo wa tyubu haukugusa kitu. Kidogo, yaani kama punje ya mpunga. Akaipaka mpaka ikabaki kung'aa tu.

"Hiyo imetosha?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo sijawahi kuisikia.

"Imetosha. Kidonda hakishibi kama mtu. Ukikirundikia mafuta juu ya uchafu umeufungia ndani, ukikifunga nailoni umeupa na joto."

"Na rangi mbili?"

"Kidonge kimetengenezwa kipite mdomoni, na uwe umeandikiwa. Ukikifungua ukamwaga, kinagandia pale kama saruji, chini unaoza huoni."

Akafunga gozi, ikalegea kiasi cha kupitisha hewa. Akaniambia kila siku niifungue, na ikilowa kabla ya siku kuisha, niifungue pia. Nilimuuliza je ile siku ya kwanza, lile tundu la sindano, ningepaka nini. Akaniangalia kidogo kabla ya kujibu, nadhani alikuwa anapima kama niambiwe. Akasema tundu la kina vile halihitaji mafuta. Linahitaji maji na sabuni na kuja hapa siku hiyo hiyo kwa ajili ya pepopunda. Likianza kuvimba au kugonga, unakuja mbio. "Kugonga," akasema, "ndiyo kelele yenyewe hiyo, kidonda kinaita."

Niliomba msamaha nikiwa nimeinamia bakuli la maji machafu. Akasema yameisha. Kwake labda.

Njiani kurudi tulitembea kwa miguu, dada alitaka kunyoosha miguu. Tukapita wale wanaouza mahindi ya kuchoma, hatukununua. Nikamwambia, "Sasa mama alikuwa anaponyaje watu na lile kopo?" Nilitaka kweli kujua. Ilikuwa inaniuma kwamba mama pia alikuwa anadanganya watu.

Dada akatembea hatua kadhaa. "Mama alikuwa anaosha kwanza."

"Lini?"

"Kila mara. Sufuria ya maji ya moto yaliyochemka na kupoa, kipande cha sabuni ya mche. Ulikuwa unamsikia akija na sufuria unaanza kulia, unafumba macho, unanishika kiuno. Ulikuwa unayafumbua akishafungua kopo. Na alikuwa hachovyi kidole. Alikuwa na kijiko chake, anakichemsha, hakuna mtu anayekigusa. Akimaliza anafunika na kitambaa alichopiga pasi."

Nilisimama barabarani. Nikajaribu kukumbuka sufuria. Nikakumbuka kiuno cha dada, gauni lake lenye maua, giza la macho yangu. Halafu ule mlio wa mfuniko. Basi. Nilikuwa nimerithi mlio wa mfuniko.

"Mbona hukuniambia?" nikamwambia. "Ile siku. Mbona hukuniambia mama alikuwa anaosha?"

"Nilikuambia ninawe."

"Uliniambia mara moja."

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Hujawahi kunitibu mimi, siku zote mimi ndiye ninayekutibu wewe. Nikaona nikuachie." Akatembea tena. "Na mashati yalikuwa mengi. Usibebe yote peke yako."

Lakini hatia hiyo naibeba. Nimejaribu kuitua, haitui.

Dada bado anashona. Watu wanaouliza nawajibu hivyo, na ni kweli. Anashona mapazia, anashona sketi za lastiki, anapunguza suruali. Kola ameacha. Alijaribu mwaka uliofuata, nilimwona, alishona kola moja akaifumua, akashona akaifumua, kile kipande cha kidole kinasukuma hewa pale ambapo ncha ilikuwa inafika. Kitambaa kilichoka mpaka kikaanza kutoa nyuzi. Akakikunja akakiweka chini ya mguu wa cherehani inayoyumba. Wateja wa sare hawakugomba. Walikuwa wanakuja, wanamsalimia vizuri, wanasema mwaka huu tumeshashona sehemu nyingine, fundi, pole. Yule mama niliyemwambia habari za kunusa ndiye peke yake aliyeleta mashati mwaka huo, mawili. Dada akamrudishia, akamwambia nenda kwa fundi wa chumba cha pili, sasa hivi yeye ndiye anajua kola. Nilikuwa pale. Yule mama aliniangalia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilitaka kumwambia mengi. Nikamfungia mashati yake kwenye gazeti nikampa kwa mikono miwili.

Kopo sikulitupa. Dada ndiye aliyelichukua. Alilichemsha kwenye sufuria pale nje, maji yakapanda povu la njano, akamwaga, akachemsha tena. Mimi nilikaa ndani nikasikia tu bati linagonga ubavu wa sufuria. Sasa anawekea vifungo. Ukilitikisa linalia, na mfuniko bado unasonya.

Wiki iliyopita nilikuwa nafungua cherehani ya mtu, bisibisi ikateleza ikanichana kiganja. Sio kikubwa. Mkwaruzo mrefu, damu kidogo. Nikaufuta kwenye suruali nikaendelea. Dada akaona. Aliacha pazia lake, akaenda kwenye dumu, akaja na bakuli na jagi na sabuni.

"Leta."

"Dada, ni mkwaruzo tu."

"Leta mkono."

Nikampa. Akamimina maji, akaninawisha kiganja polepole, na kile kipande cha kidole chake kikawa kinapita kwenye mstari wa mkwaruzo na sabuni, laini, hakina kucha, kinapita na kurudi. Sikulia nilipokuwa hospitali. Sikulia nyuma ya lile jengo. Pale nilitazama kando, nikaangalia barabara, bodaboda zinapita na matope yake, nikafumba macho.

"Fumbua," akasema. "Uone nafanyaje."

Nikafumbua. Akanikausha kwa kugusagusa na kitambaa alichokipiga pasi asubuhi. Nikanyoosha mkono kuchukua tyubu ya dawa rafuni, akanizuia.

"Subiri kikauke."

Tukakaa pale mlangoni, kiganja changu kikiwa wazi juu ya goti lake, tunasubiri kikauke.